Kitonga haishukwi kwa nyutro: jibu kwa dereva anayehamia semi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina leseni ya daraja E, nimeendesha Fuso miaka 4, nikibeba mbao na nyanya kati ya Njombe, Iringa na Dar. Sasa nimepata kazi ya semi ya ekseli 6, kontena kwenda Lubumbashi na shaba kurudi. Madereva wenzangu wananiambia kwenye miteremko ya Mbeya na Kitonga tia nyutro, mafuta yanabaki. Wanasema pia breki za tela zikilegezwa tairi zinadumu. Bosi anataka Dar mpaka Tunduma kwa siku 2. Sheria zinasemaje, na breki zikifeli mtu anafanya nini?"

Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kazi. Umeweka maswali manne kwenye gunia moja, na nyutro, breki za tela, mwendo wa bosi na breki kufeli vyote vinakutana mahali pamoja: kwenye ngoma za breki zako, ukiwa katikati ya mteremko. Nianze na hilo neno "kufeli", maana limewafunika wengi.

Gari likiangukia korongoni, kesho yake redio inasema chanzo ni breki kufeli, na watu wanaitikia kana kwamba breki ni mtu aliyezimia ghafla. Nimefundisha madereva wa magari makubwa miaka mingi baada ya kuendesha mwenyewe, na bado sijakutana na semi iliyotunzwa vizuri ambayo breki zake zote zilikata shauri kwa pamoja bila taarifa. Namna breki hizi zilivyotengenezwa haziruhusu hilo kirahisi. Wewe umetoka kwenye Fuso, na Fuso nyingi zinabana kwa mafuta ya breki yakisaidiwa na upepo. Semi ni upepo mtupu, na upepo ule unafanya kazi mbili zinazopingana. Ukikanyaga pedeli, upepo unaingia kwenye chemba na kusukuma lainingi, vile vipande vya kusugulia, zibane ngoma. Lakini kwenye ekseli za nyuma za kichwa na kwenye tela kuna chemba ya pili yenye springi nene. Hapo upepo kazi yake ni kuishikilia springi isibane. Upepo ukiondoka, springi inafunguka na gari linabana lenyewe. Ndiyo maana asubuhi, baada ya kulala, semi haitoki mpaka saa ya upepo ipande.

Kwa hiyo akija mtu akakuambia, "Mpira wa upepo ulipasuka ndiyo maana gari likaserereka," muulize springi zilikuwa wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba kuna fundi alizifunga kwa bolti siku gari lilipogoma porini, mtu akafika nyumbani salama, akasahau kuzifungua. Au mpira wa kwenda tela ulikunjwa na kufungwa kwa waya. Nilipokuwa kijana kama wewe niliwahi kukabidhiwa gari la namna hiyo kwenye kampuni moja ambayo siitaji, na sikujua. Niligundua nilipoegesha kwenye kimlima kidogo nikavuta breki ya kuegeshea. Gari likaanza kunirudisha nyuma taratibu kama punda aliyekumbuka nyumbani. Utingo aliwahi kutia jiwe. Tangu siku hiyo sikubali gari bila kuingia chini yake.

Ukiondoa hayo ya kufunga springi, kinachobaki ni joto, na joto ndilo muuaji mkubwa wa miteremko yetu.

Hesabu yake ni rahisi. Gari la tani 50 likishuka mita 100 za wima, nguvu inayotakiwa kuzuiwa isigeuke mwendo inatosha kuchemsha madumu 7 ya maji ya lita 20, kutoka maji ya bombani mpaka yatokote. Hizo ni mita 100 tu. Sasa fikiria mlima kama Kitonga, kona juu ya kona. Ukitumia pedeli peke yake, joto lote hilo linaingia kwenye ngoma na lainingi. Chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo ngoma inapanuka na kujitenga na lainingi. Lainingi zenyewe zikiungua zinaanza kutoa moshi na uso wake unakuwa laini kama kioo, hazishiki tena. Ile fimbo ya chemba ina urefu wake wa kusukuma, na ikishafika mwisho imefika, hata uruke juu ya pedeli kwa miguu miwili. Kinachowachanganya madereva ni kwamba wakati huo saa ya upepo inaonyesha upepo tele. Kila kitu kwenye dashibodi kiko sawa, ila gari linaongeza mwendo.

Na ukivuta breki ya kuegeshea? Inabana ngoma zile zile za moto kwa lainingi zile zile zilizoungua. Haina ngoma zake za akiba.

Sasa rudi kwenye ushauri wa wenzako. Nyutro kwanza. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini inazungushwa na tairi, inageuka mzigo unaovuta nyuma. Ukitia breki ya egzosi, inayobana moshi wa injini, au retada, kifaa kinachopunguza mwendo bila breki za magurudumu, ile nguvu inaongezeka sana na joto linakaa mbali na ngoma zako. Ukitia nyutro umemfungulia mlango msaidizi wako mkubwa akaondoka, tani 50 zote umeziachia breki za miguu. Ukitaka kurudisha gia gari likiwa limeshachangamka, haitaingia, gia itakulilia tu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakazima injini kabisa. Hapo kompresa imesimama, haijazi upepo tena, na usukani unakuwa mzito kama wa trekta bovu. Kisha unakuja na kona.

Na mafuta wanayodai kuokoa hayapo. Magari haya ya siku hizi yenye pampu za elektroniki, ukishuka ukiwa kwenye gia na umeachia pedeli ya mafuta, injini inakata mafuta kabisa. Haichomi hata tone. Ukitia nyutro ndipo inaanza kuchoma, kwa sababu lazima ijizungushe yenyewe isizime. Zamani kwenye magari ya kabureta maneno yale yalikuwa na chembe ya ukweli. Waliyarithi wakaendelea nayo. Ninajua pia kwamba mafuta "yanayobaki" huwa na mnunuzi wake kando ya barabara, nawe unajua. Hilo sitalizungumzia, ila usiliite uchumi wa mafuta.

Breki za tela kulegezwa ni wendawazimu zaidi. Semi yako ina ekseli 6, na 3 ziko kwenye tela. Ukizilegeza hizo, nusu ya breki umeiweka likizo, na kile kichwa kinazuia uzito wake na wa tela pamoja. Ngoma za kichwa zitachemka mara moja. Na siku ya mvua, ukibana ghafla, kichwa kitasimama na tela litaendelea, litakisukuma kutoka nyuma mpaka kijikunje kama kisu cha mfukoni. Tairi zikiliwa upande kwa sababu ya breki inayong'ang'ania, dawa ni kurekebisha breki hiyo, mabano au ekseli yenyewe, na magurudumu yote yabane kwa usawa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuendesha gari bovu, na haimwachi pia yule anayeruhusu liendeshwe likiwa bovu. Tela lisilo na breki ni gari bovu hata kama limepakwa rangi jana.

Kitonga unaijua wewe, umepita na nyanya. Lakini Kitonga haikujui ukiwa na tani 50. Ukienda utaipanda, na kupanda kunachosha injini tu. Ukirudi na shaba ndipo utaishuka, na hapo gia inachaguliwa juu, kabla gari halijainama. Wazee wetu walisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwa magari ya wakati wao ilikuwa sawa. Injini za sasa ni laini, hazina msuguano ule na zina nguvu nyingi za kupandia, kwa hiyo shuka gia moja chini zaidi ya ile ambayo ungepandia. Kama gari ni la gia za kujibadilisha zenyewe, liondoe huko na ulifunge kwenye gia ya chini kwa mkono, maana likiachwa linaweza kupanda gia wakati wewe hutaki. Tia breki ya egzosi au retada mapema, ila kama barabara inateleza kwa mvua na tela ni tupu, iwe kwa uangalifu, tairi za kuendeshea zinaweza kuteleza.

Chagua mwendo wako kabla. Kwa Kitonga na mzigo kamili, mimi nafundisha kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na basi lililo nyuma yako litapiga honi mpaka lichoke. Gari likifika 30, bana breki kwa nguvu ya kutosha mpaka lishuke kwenye 20 hivi, kisha achia kabisa. Ngoma zipate upepo wa nje. Likipanda tena, bana tena, achia. Usikae na mguu umelazwa juu ya pedeli njia nzima; hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuzichoma. Wala usipige-pige pedeli kama mtu anayejaza baiskeli upepo, utaumaliza upepo wa matangi bila faida. Ukiona unalazimika kubana mara kwa mara kuliko unavyoachia, gia yako ni ya juu mno, na kuna muda mfupi sana wa kuirekebisha. Tumia breki mpaka mwendo uwe mdogo kabisa, shusha gia, au simama mahali pa wazi upumzishe gari. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa kuchelewa.

Lile la kilomita 80 kwa saa ambalo sheria inaliweka kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 ni ukomo, na kwenye makazi ni 50. Halikusudiwi liwe lengo. Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi kuelekea Mbalizi: kila anayesikiliza habari za Mbeya anayajua majina haya, na anayajua kwa sababu mbaya, yaani ajali za miteremko.

Ukaguzi wa asubuhi, sasa. Madereva wengi wanazunguka gari wakipiga tairi teke, wakiona zinadunda wanapanda. Tairi kweli muhimu, na kipara usikikubali hasa mbele, maana tairi ya mbele ikipasuka usukani ndio unaondoka nao. Lakini breki hazionekani kwa teke. Washa gari mpaka upepo ujae, zima injini, achia breki ya kuegeshea mkiwa mmetia mawe, kanyaga pedeli kwa nguvu na ushikilie dakika moja ukiangalia saa. Ikishuka zaidi ya robo ya ba (kipimo cha upepo) hivi, kuna mahali panavuja. Utingo azunguke akisikiliza. Kisha endelea kukanyaga na kuachia uone upepo ukishuka: taa na kengele ya onyo lazima vilie kabla breki ya kuegeshea haijajivuta yenyewe. Kama kengele hailii, au ukiona springi hazibani upepo ulipoisha, gari haliondoki. Baada ya hapo jaza upepo tena, ingia chini, mwenzako akanyage, uangalie fimbo ya kila chemba inatoka kiasi gani. Ile inayotoka ndefu kuliko wenzake ndiyo itakayokuacha mlimani. Angalia mpira mwekundu na wa njano zinazokwenda tela. Wowote uliochubuka au kufungwa raba na waya ubadilishwe. Mwisho, ondoka polepole sana na ujaribu breki za tela peke yake, kama gari lina kile kishikio, usikie likikuvuta nyuma. Yote haya hayazidi nusu saa ukishazoea.

Mizani hukuiuliza, lakini lazima niiguse kwa sababu shaba ina hila yake. Katika Afrika Mashariki tunatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Ukomo wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, lakini usidanganyike, hizo si zako. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli pacha za kichwa zenye tairi 8 ni tani 18, na zile 3 za tela zenye tairi 12 ni tani 24. Jumlisha: 50. Ukitoa uzito wa gari tupu, mzigo wako ni tani 30 na kidogo hivi, kutegemea gari. Mzigo ukizidi siyo faini tu, maana kila tani ya ziada ni joto lingine la kuzuia mlimani.

Shaba ni nzito kuliko inavyoonekana. Kontena la nguo linajaa mpaka juu, lakini tani 30 za shaba zinalala chini kwenye sakafu ya tela kama mkeka, nafasi yote juu iko tupu. Wapakiaji wakikusanya marundo yote mbele, jumla yako itakuwa sahihi na bado mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, ikukamate kwa ekseli za kichwa kuzidi. Wakiyarundika nyuma, ekseli za tela zitazidi na kichwa kitakosa uzito wa kushika barabara. Kwa hiyo simama wakati wa kupakia. Dereva anayelala kwenye kibanda wakati gari lake linapakiwa amekabidhi maisha yake kwa mtu wa winchi. Na kila rundo lifungwe kwa minyororo au mikanda, lisitembee hata inchi moja. Turubai halizuii shaba, turubai linazuia mvua. Ukibana breki ghafla na rundo la tani 2 likaanza kuteleza, litaelekea kwenye kiti chako.

Watu wanadhani mizani ni chuki ya serikali dhidi ya wenye malori. Oktoba 2013 malori yaligoma nchi nzima kwa sababu asilimia 5 za uzito wa ziada zilizokuwa zikivumiliwa kwenye mizani zilifutwa. Lakini kuna jambo wahandisi walilipima Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuzungusha malori kwenye barabara za majaribio huko Illinois: uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito, unakwenda karibu na kipeo cha nne. Ekseli ikizidisha asilimia 20, inaichosha barabara mara mbili. Yale mabonde ya tairi unayoyaona kwenye lami, yanayoshika usukani wako usiku, yametengenezwa na sisi wenyewe.

Sasa bosi na siku zake 2. Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930. Ukiwa na mzigo, ukihesabu foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza na nyinginezo, Mikumi ambako unapita katikati ya hifadhi na tembo hawajui ratiba, na milima, wastani wa kilomita 45 kwa saa ni wa dereva mzuri. Hayo ni masaa karibu 21 ya usukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masaa 9 ya kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Ukiongeza ziada, siku isizidi masaa 12. Baada ya masaa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60, kati ya siku na siku kuna masaa 12 ya kupumzika, na kila wiki masaa 24. Gawanya mwenyewe kwa masaa 9 ya kawaida: safari hiyo ni ya siku 3. Lala Mikumi au Ruaha Mbuyuni siku ya kwanza, Makambako ya pili, Tunduma ya tatu. Wala hutakuwa umechelewa, maana foleni ya mpakani inakusubiri tu.

Ukitaka kujua kwa nini ninashikilia usingizi, angalia saa 8 usiku mpaka saa 12 alfajiri. Wakati huo mwili unadai kulala hata kama ulilala mchana. Kichwa kikianza kuinama, ukiona hukumbuki kijiji ulichopita, hakuna muziki wala pilipili itakayokusaidia. Kwa kilomita 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 3 umeshavuka uwanja wa shule. Egesha mahali salama, lala hata dakika 20. Wale watakaokupa mirungi, wakumbushe kwamba nchini Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, hata kama nchini Kenya inauzwa sokoni hadharani. Na inaficha usingizi tu, haiuondoi. Ikiisha nguvu unaanguka mara moja.

Utamwambiaje bosi? Usianze kwa ugomvi. Mwandikie ujumbe wa simu kwa adabu: "Bosi, hesabu ya safari ni hii, siku 3." Ubovu wa gari nao uuandike kwenye kitabu cha ukaguzi, upige picha, utume, utunze nakala. Bosi mwenye akili akiona maandishi hubadilika, kwa sababu anajua gari lake likiua, maandishi hayo yatasomwa. Dai pia mkataba wa maandishi kabla hujashika funguo. Nikuambie na lililo chungu: ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi bila sababu haumfikii mfanyakazi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ukishapita hapo, ukifukuzwa kwa kukataa gari bovu, unazo siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo miezi ile 6 ya mwanzo ndiyo migumu, na ndiyo wanayokujaribia. Kazi nyingine ya semi utaipata. Wanaohitaji dereva anayekagua gari ni wengi kuliko unavyodhani, kwa sababu gari likianguka wanalipa wao.

Nimekuahidi jibu la breki kufeli. Ni fupi na halifurahishi. Ukiona gari halishikiki, bana mara moja kwa nguvu zote na ushikilie, usiachie na kurudia. Ukiachia unawapa tani 50 nafasi ya kuchangamka. Egzosi na retada mpaka mwisho. Kama mwendo bado unaruhusu, shusha gia moja, ila usitoe gia usiyo na uhakika wa kuipata nyingine, maana utabaki nyutro. Washa taa zote, honi isitoke mkononi, walio mbele wapishe. Halafu tafuta mahali pa kupotezea mwendo mapema, wakati bado ni mdogo: njia ya pembeni inayopanda, kifusi cha mchanga, mtaro wa upande wa mlima, ubavu wa mlima wenyewe. Kukwaruza tela zima kwenye mwamba kwa kilomita 40 ni hasara ya bima. Kusubiri kona inayofuata kwa kilomita 90 ni matanga. Usiruke. Kiti na mkanda ndio ulinzi wako uliobaki.

Na gari likisimama au likiharibika, weka vile vibao viwili vya pembetatu vinavyong'aa, kimoja mbali nyuma kabla ya kona, siyo mita 5 kutoka kwenye tela. Matawi ya miti tumeyazoea wote, lakini tawi halirudishi mwanga wa taa usiku, na wengi wanaondoka wakiyaacha barabarani. Ikiwa ni tangi la mafuta la mwenzako limelala, kaa mbali na uwazuie watu wasisogee. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa wakichota petroli iliyomwagika. Sachangwan nchini Kenya mwaka 2009 na Sange kule Kivu ya Kusini mwaka 2010 ni hadithi hiyo hiyo.

Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, kumbuka wanaendesha kulia. Gari lako usukani uko upande wa kulia, kwa hiyo kulipita gari lingine huoni mbele mpaka umeshatoka nusu. Hapo utingo ni macho yako, akiwa na uhakika akuambie, na akisita usipite. Hakikisha pia una kadi ya njano ya bima ya COMESA kabla ya Tunduma, ile ya nyumbani haikuvushi. Utingo asishike usukani kama hana leseni ya gari hilo, hata kwa kusogeza kwenye foleni.

Safari ya kwanza ya kurudi, ukimaliza kushuka Kitonga, simama Ruaha Mbuyuni. Zunguka magurudumu yote, usiguse ngoma, weka kiganja karibu nayo tu. Moja ikiwa ya moto sana kuliko nyingine, hiyo inang'ang'ania; moja ikiwa baridi kabisa, hiyo haikufanya kazi, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Usizimwagie maji, zitapasuka. Ziache zipoe zenyewe huku mnakula. Vitunguu vya pale ni vizuri, nunua kiroba kimoja cha nyumbani, ukihesabu nacho kwenye mizani.